Zamu ya Jiwe

Hasira zangu ziko karibu, na sijawahi kuziombea msamaha. Ndizo zilizonifikisha Isiolo. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mhandisi wa ujenzi aliyefungiwa katika chumba cha kuchorea Nairobi, nikichora makaravati ya kupitisha maji chini ya barabara, ambayo wanaume walikwenda kuyajenga. Kila nilipoomba kupelekwa mashinani niliambiwa kwamba huko nje jua ni kali. Siku moja, mbele ya ofisi nzima, niliuliza kama jua hilo lina tabia ya kuchagua ngozi ya wanawake. Muda si muda nikapewa uhamisho. Nadhani walikusudia kunitia adabu, lakini mimi nilifurahi hadi nikawanunulia wote soda.

Nilipanga chumba mtaa wa Kiwanjani. Nimezaliwa upande wa Meru, kwenye baridi na viazi, na kutoka kwetu hadi Isiolo ni mteremko tu, unashuka huku ukivua sweta. Hata hivyo mama yangu alilia kana kwamba naenda ng'ambo. Alinifungia blanketi mbili nzito ambazo sikuzifungua hata siku moja.

Kazi yangu ilikuwa barabara ya kwenda Garbatulla. Mawe na mashimo ilikuwa nayo, lakini yaliyowatesa watu hasa ni malaga. Laga ni mto wa mchanga. Karibu mwaka mzima ni mkavu, mbuzi wanalala ndani yake. Kisha mvua inanyesha mbali, kwenye milima usiyoiona, na maji yanakuja mbio ilhali wewe umesimama juani na mbingu ni buluu. Malori ya mifugo yalikwama upande mmoja na ya unga na sukari upande mwingine, madereva wakatazamana ng'ambo kwa ng'ambo hadi maji yachoke.

Katika laga kubwa kuliko zote kulikuwa na drifti ya zamani. Drifti si daraja. Ni bamba la konkriti linalolazwa juu ya mchanga wa mto ili magari yapite, na maji yakija yapite juu yake bila kugombana nalo. Hii ilikuwa imevunjika vipande, kimoja kimesimama wima, kingine kimezama nusu, na kila dereva alikuwa ameshajitafutia njia yake kando. Hakuna aliyekumbuka vizuri nani aliijenga, na mimi sikuwa na haja ya kujua. Nilitaka kujua nini kiliiua.

Watu hudhani uhandisi ni hesabu. Hesabu ipo, lakini kabla ya hesabu kuna kutazama. Nilizunguka vile vipande asubuhi nzima, nikavipapasa kama mama anayetafuta homa. Juu vilikuwa laini, havijalika hata kidogo. Kwa hiyo maji hayakuivunja kutoka juu. Yalipita chini, yakala mchanga, yakaliacha bamba likining'inia hewani, na lori la kwanza zito likamalizia kazi. Nilichimba mashimo ya majaribio, na chini sana, kupita kimo cha mtu, mtaimbo ukagonga mwamba. Nikasogea, nikachimba tena, mwamba tena. Ulikuwa umekata laga kutoka ukingo hadi ukingo, umejifunika mchanga, hakuna aliyejua kwamba upo.

Mchoro niliopewa ulitaka ukuta mfupi chini ya bamba, wa kufika kiunoni. Mimi nikataka ukuta unaoshuka hadi kwenye mwamba na kuushika kila mahali, kisha uingie ndani ya kingo zote mbili. Mkubwa wangu alikuja na shati lake lililopigwa pasi, akasimama ukingoni na kusikiliza maelezo yangu huku akiyatazama magunia ya simiti kwa huruma, kama mtu anayeaga jamaa.

"Wewe unajenga barabara ama unazika ukuta?" akauliza.

Nilimwambia kwamba bila ukuta ule atakuwa akijenga drifti kila mvua mpaka astaafu. Tulibishana hadi dereva wake akajifanya kwenda kukagua magurudumu. Mwishowe akainua mikono.

"Sawa. Zika. Lakini maji yakibeba hii kitu, unarudi Nairobi kwa penseli yako."

Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Vibarua wangu wengi walitoka mtaa wa Bulla Pesa, pale mjini: Waborana, Waturkana, Wasomali na Wameru wachache waliodhani nitawapendelea. Nyapara alikuwa Mborana, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye alikuwa amefanya kazi za barabara tangu miaka ya sabini na hakuwahi kuamrishwa na mwanamke. Siku ya kwanza aliongea na mimi huku akiutazama ukosi wa shati langu. Baadaye alizoea, akaanza kunitazama usoni na kunipinga kama anavyompinga mwanaume yeyote, nami nikajua nimefika.

Kuchimba mtaro kwenye mchanga ni vita. Unatoa koleo moja, zinaingia mbili. Tulizuia kingo kwa mbao na magogo, tukashuka hatua kwa hatua, na karibu na mwamba mchanga ukawa na unyevu. Kisha maji yakaanza kuchuruzika, kidogo kidogo, kutoka upande wa juu wa laga. Tuliyavuta kwa pampu na kuchanganyia konkriti. Kila siku yalipungua, hadi kiangazi kilipokolea yakakatika kabisa. Wengine waliona ni usumbufu umekwisha. Mimi nilishuka mtaroni peke yangu nikakaa juu ya mwamba, nikaelewa jambo lililonifanya nicheke kwa sauti. Mto ule haukuwa mkavu. Baada ya kila mvua maji yalikuwa yakitembea chini kwa chini, juu ya mgongo wa mwamba, taratibu, yakienda zake mahali ambapo hakuna wa kuyanywa. Na mimi nilikuwa karibu kuyafungia mlango.

Sikumwambia mtu. Jambo kama hilo ukimwambia mkubwa, anakukumbusha kwamba wewe ni mtu wa barabara na maji yana wenyewe.

Kwenye konkriti nilikuwa mkali, na hilo naweza kuapa. Tulikuwa na kopo la bati lisilo na kitako, jembamba juu na pana chini. Unalijaza konkriti, unaishindilia, kisha unalinyanyua na kutazama rundo linavyokaa. Likijishikilia, ni nzuri. Likitandazika, ujue mtu ameongeza maji ili koleo liwe jepesi mkononi. Asubuhi moja lilitandazika, nikaamuru mchanganyiko wote ukamwagwe nje ya barabara. Niliwaambia kwamba mimi nimekuja kujenga, uji wakapike kwao. Nyapara alisema baadaye kwamba hata nyumbani, mke wake akitaja uji, yeye hushtuka na kutafuta koleo.

Tulimaliza ukuta, tukamwaga bamba juu yake, likalala pale jipya na la kijivu, zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora. Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Konkriti haikauki kama nguo kwenye kamba. Inakuwa jiwe kwa kunywa. Lazima ilowe siku baada ya siku hadi ikomae, na kwa jua lile na upepo ule, ukiisahau itapasuka kama nyayo za mchungaji. Basi kila siku lori la maji lilitoka mjini Isiolo, nasi tukayamwaga juu ya bamba mchana kutwa.

Wakati huo mvua zilikuwa zimechelewa. Mifugo ilikuwa ikipita hapo kwenda kutafuta maji, mbavu nje. Mchana mmoja ikaja familia yenye mbuzi na ngamia wachache, na mbele yao mwanamke wa makamo, mwembamba, amejifunga mtandio na ameshika fimbo. Mbuzi walinusa maji, wakatukimbilia. Vibarua wakawafukuza kwa makoleo. Yule mwanamke alisimama akawatazama watu wazima wakiyamwaga maji juu ya sakafu iliyo katikati ya mto mkavu, huku wanyama wake wakifukuzwa. Kisha akawapita wote, akaja moja kwa moja kwangu.

Alinipa salaam kwanza. Hata ugomvi, kwao, una mlango wa kuingilia. Nikaitikia.

"Wewe ndio mkubwa ya hii kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Kwetu, kwa kisima, kila mtu iko na zamu," akasema. "Ngamia ya huyu, halafu ng'ombe ya yule. Hata mtu mmekosana iko na zamu. Sasa niambie, nani alipatia jiwe zamu mbele ya mbuzi yangu?"

Vibarua waliangua kicheko. Mimi damu ilinipanda, kwa sababu aligusa kazi yangu. Nilimweleza, nyapara akitafsiri pale Kiswahili changu kilipozidi, kwamba hilo bado si jiwe, kwamba linakuwa jiwe kwa kunywa maji. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima.

"Hata mbuzi inakuwa mbuzi kwa kunywa," akasema.

Hapo nilichemka, na yale niliyoyaficha mtaroni yakatoka yenyewe. Nilipiga bamba kwa buti. "Mama, sikia. Leo hii jiwe inakunywa. Kiangazi ingine, hii jiwe ndio itakupatia wewe maji."

Kicheko kilikatika. Nyapara alinitazama kama mtu anayeuliza iwapo amesikia sawasawa. Nikamwambia atafsiri, tena neno kwa neno. Alitafsiri. Yule mwanamke aliwanyooshea fimbo waliokuwepo, mmoja mmoja, kuwafanya mashahidi.

"Umesema wewe," akaniambia.

Nyapara alinivuta kando. Alisema kwamba kwao mtu hachezei maneno ya maji. Ningeweza kuahidi barabara, shule, hata mume, na watu wakacheka wakasahau. Maji, hapana. Lile neno lingefika kila manyatta kabla Landrova yangu haijafika mjini, na kama lingekuwa uongo, hakuna mtu upande ule angenisikiliza tena, mimi wala mhandisi mwingine yeyote atakayefuata. Nilimwambia najua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejua mwamba na ukuta. Hili la manyatta ndiyo kwanza lilikuwa linaingia kichwani.

Lakini zamu niliielewa mara moja, kwa sababu ni utaratibu, na mimi ni mtu wa utaratibu. Tulikata mapipa, tukayalaza ukingoni yawe hori. Maji ya lori hayangetosha wanyama na konkriti kwa namna tulivyokuwa tukiyamwaga, kwa hiyo nikabadilisha namna. Tulifunika bamba lote kwa mchanga na magunia, tukawa tunalilowesha alfajiri kabla ya jua na jioni baada yake, tukaacha kulinywesha jua mchana. Mwanamke yule alisimamia hori mwenyewe. Kila asubuhi mbuzi wa mwisho akishainua kichwa, alielekeza fimbo yake kwenye drifti. "Sasa jiwe," alisema, bila tabasamu, na vibarua wakaanza kumwagilia. Walikaa nasi siku kadhaa, kisha wakaendelea na safari. Mkubwa wangu aliposikia habari za mbuzi na lori la serikali alitaka maelezo. Nilimwonyesha bamba. Hakupata ufa hata mmoja, na alitafuta.

Mvua ilipofika ilifika kwa kishindo. Nilitoka mjini asubuhi nikakuta laga imejaa, maji mekundu, mazito, yamebeba miti mizima na mizizi yake. Drifti haikuonekana kabisa. Zilionekana ncha tu za vigingi tulivyovisimika kuonyesha kingo za njia. Vibarua walikuwa wamejipanga ukingoni. Niliutazama kila mti uliokuja na kujiuliza utapiga wapi. Nyapara alinipa chai, nikaishika hadi ikapoa mkononi.

Maji yalipungua kesho yake. Bamba likajitokeza taratibu, kwanza katikati, kisha kingo, limeoshwa, limenyooka, halijapungua hata kona. Lori la mifugo lililokuwa likingoja lilishuka kwa tahadhari, likapanda bamba, likavuka na kutokea ng'ambo likipiga honi kama gari la harusi. Vibarua walipaza sauti. Wakaanza kuimba, kila kundi na wimbo wake, nami nikacheza juu ya konkriti yangu nikiwa na gambuti zilizojaa matope. Sioni haya kusema. Mkubwa alituma ujumbe wa neno moja la pongezi, ambalo kwake lilikuwa hotuba.

Baada ya siku chache, nyasi zikiwa zimeanza kuchipuka, yule mwanamke alipita tena. Aligonga bamba kwa fimbo, mwanzo wake na mwisho wake.

"Imesimama," nikamwambia, kifua mbele.

"Mimi sikuuliza kama itasimama," akasema, akanipa mgongo na kwenda zake.

Alikuwa sahihi kabisa. Hakuniuliza.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa cha kikatili. Pale sokoni Isiolo wachuuzi wa mifugo walikuwa wakieleza visima vya laga vilivyokauka upande huu na ule, na wanyama wanaouzwa kwa bei ya huruma. Mimi nilikuwa nimepelekwa sehemu nyingine ya barabara, na nikajipa kazi nyingi kuliko nilizopewa ili nisipate nafasi ya kwenda kutazama. Niliogopa. Hesabu zangu nilizirudia mara nyingi, na kila mara zilikubali. Lakini ukuta uliozikwa huwezi kuukagua. Upenyo mdogo tu pale unapokutana na mwamba, mahali ambapo fundi alichoka au mimi nilitazama kwingine, na maji yote yangekuwa yameshajiendea zamani. Ningebaki na drifti nzuri na neno bovu.

Kisha mkubwa akataka kukagua barabara yote hadi Garbatulla, nami ndiye wa kumpeleka. Nilikaa mbele, mikono katikati ya magoti. Tulipokaribia laga tuliona vumbi, kisha tukasimama, kwa sababu hapakuwa na njia. Drifti ilikuwa imejaa ngamia. Nyuma yao ng'ombe, nyuma yao mbuzi, na kila kundi limetulia na mchungaji wake, linangoja.

Mkubwa alipiga honi. Hakuna aliyegeuka.

"Nani ameruhusu mifugo kwa barabara?" akauliza.

Nilikuwa nimeshashuka. Nilipita katikati ya ngamia, nikafika ukingo wa bamba upande wa juu, nikatazama. Mchanga ulikuwa umechimbwa visima, kimoja baada ya kingine, vimezungushiwa matawi ya miiba. Ndani ya kila kisima alisimama mwanaume akipitisha ndoo kwa aliye juu, na wote walikuwa wakiimba ule wimbo wa kunywesha, mmoja anaanza na mwingine anapokea. Niliinama juu ya kisima cha karibu. Maji yalikuwa masafi, yamemfikia yule mwanaume magotini. Nikageuka nikatazama upande wa chini wa drifti. Huko mtu alikuwa amejaribu kuchimba shimo, refu kweli, akaliacha. Lilikuwa kavu hadi chini.

Ukuta wangu ulikuwa umeshika. Nililia pale pale, mbele ya ngamia na watu, na machozi hayakunisumbua hata kidogo.

Yule mwanamke alikuwa kwenye kisima cha kwanza, fimbo mkononi, akiwaita wenye zamu. Aliniona. Hakuacha kazi yake ghafla. Alisubiri ngamia aliyekuwa akinywa amalize, akamzuia aliyefuata kwa fimbo, akateka maji kwa ndoo ya ngozi, akaja. Akanipa salaam, nikaitikia. Mkubwa wangu naye alikuwa amenifuata kwa miguu, viatu vimejaa mchanga, amekaukwa koo kwa vumbi. Alipoona ndoo inakuja akanyoosha mikono.

Mwanamke alimpita. Alipanda kwenye bamba, akaenda hadi katikati, akainamisha ndoo na kuyamwaga maji juu ya konkriti, polepole, kama mtu anayejua thamani ya kila tone. Ile kijivu ikawa nyeusi kwa muda, kisha jua likaichukua tena. Wachungaji wote walikuwa wakitazama.

"Zamu ya jiwe," akasema.

Kisha akaniletea ndoo. Yaliyobaki yalikuwa mengi kuliko aliyomwaga. "Sasa wewe."

Nilikunywa hadi yakanitiririka kwenye shingo. Yalikuwa baridi, yana ladha ya mchanga kwa mbali, na sijawahi kunywa kitu kitamu kuliko hicho tangu siku ile. Nilipotaka kumpa mkubwa ndoo, fimbo ilinizuia kifuani.

"Na mimi?" akauliza mkubwa wangu, mwenye shati la pasi.

Mwanamke alimtazama kwa mara ya kwanza, kuanzia viatuni hadi kichwani, kisha akawatazama ngamia waliopangana juu ya drifti.

"Wewe uko nyuma ya hawa," akamwambia. "Ngoja zamu."

Na mkubwa wangu akangoja.